Mashua Yenye Kuingia Kimya

Siku ya kwanza ya kazi, Kapiteni hakuniuliza kama najua kuogelea. Aliniuliza kama najua kuimba. Ilikuwa Mahagi-Port, miye kijana, mashua imejaa samaki ya chumvi. Nikaimba wimbo ya kanisa. Matelo, bale wenye kufanya kazi mu mashua, bakacheka mpaka mekanisiye akaacha motere yake. Kapiteni akasema: "Sauti iko. Akili tutamupatia."

Nyinyi vijana wa Bunia munafikiri nyimbo za ziwa zilikuwa michezo. Ilikuwa kazi. Motere ikikufa katikati ya mayi, tulikuwa tunakamata kafi, ile mbao ya kuvutia mashua, na bila wimbo kila mutu anavuta vile roho yake inataka, mashua inazunguka tu. Kulikuwa wimbo ya kafi, ya polepole. Kulikuwa ya kupakua magunia, ya mbio, na matusi mingi kwa wenye mali. Mwenye kuanzisha tulimuita mudomo wa mashua. Mudomo akikohoa, Kapiteni mwenyewe anamutafutia asali. Miye nilikuwa mudomo mpaka meno ikaanza kuanguka.

Lakini kubwa ilikuwa wimbo ya kuingia. Kila mashua na yake, na babibi ku muchanga bakisikia banajua ni bwana ya nani anakuja. Ya kwetu ilikuwa hivi. Miye: "Nani iko ku muchanga?" Matelo: "Bale wa kwetu, bale wa kwetu." Miye tena: "Banasema nini?" Hapo mashua yote inanyamaza, sababu mustari ya mwisho haiko yetu, ni ya mwenye kungojea. Babibi, wenye kupika ugali, ile siye tunaita fufu, banaitika: "Ingia, fufu iko moto."

Na kama mutu amekufia ku mayi, mashua inaingia kimya. Hakuna kutuma mujumbe. Babibi bakisikia motere wanayoijua, na wimbo hakuna, banafungua vitambaa vya kichwa, kilio inaanza.

Kapiteni alipopewa mashua kubwa ya Kasenyi, alinichukua. Njo kule nilipata Mama Neema. Babibi wengine bakimaliza kuitika, yeye peke yake alikuwa anarudilia nyuma: "Iko moto." Nikamuuliza sababu gani anachelewa. Akasema: "Juu usifikiri ni wote banakupikia." Nikamuoa, tukazaa Neema.

Kisha vita ikafika. Kapiteni alikuwa anapenda kusema mu mashua kuko kabila moja tu, ile yenye haitaki kuzama, na kweli tulikuwa mchanganyiko. Sasa matelo mumoja hawezi tena kukanyaga muchanga huu, mwingine hawezi kukanyaga ule. Tulikuwa wachache, tunavusha batu wenye kukimbia mpaka Uganda.

Asubuhi moja tulikuwa tunarudi Kasenyi kuchukua familia zetu. Masasi ya bunduki ilikuwa inasikika ku milima. Nilisimama mbele ya mashua, nikasafisha koo. Kapiteni akasema: "Leo hakuna kuimba. Wenye bunduki banatujua kwa wimbo."

Nikamuambia: "Kapiteni, babibi watasema tumeleta maiti."

"Heri balie bure leo kuliko balie kweli," akasema. Nikakaa chini, na ningali naona alisema vizuri.

Tuliingia pembeni ya majani marefu, mbali na fasi ya siku zote. Nikakimbia nyumbani. Sufuria ya mayi ilikuwa inachemuka, unga iko karibu, mulango wazi. Mutu hakuna.

Neema, mutoto wetu, alikuwa mudogo lakini anajua kusema; njo aliniambia nyuma, wakati nilimupata Bunia kwa jirani mumoja aliyemubeba. Mama yake alikuwa amekatala kukimbia na wengine. Alisema bwana yake anakuja kubavusha. Kisha akasikia motere yetu. Akasimama ku mulango, akangojea wimbo. Akangojea sana. Akafungua kitambaa ya kichwa, akamufunga Neema nayo ku mugongo, akasema: "Baba yako amebaki ku mayi. Twende." Bakashika njia ya kupanda milima, kuelekea Bogoro, pamoja na bale wa mwisho. Yeye hakufika juu. Risasi ilimupata ku njia. Mupaka leo sijui fasi bamemuzika, na hiyo inanikula.

Kapiteni alikuja ku kilio. Alikaa chini na siye siku zote. Nilimupikia chai.

Vita ikapoa, Kapiteni akaturuhusu kuimba tena. Tuliingia Kasenyi, nikaanzisha. Babibi bakaitika vizuri. Nikabaki nimesimama, nasikiliza nyuma yao. Mekanisiye akanikamata mukono, akasema: "Muzee, tushuke." Mwaka ule nikaacha kazi.

Sasa nakaa Bunia kwa Neema. Juzi vijana wa kwaya balikuja na telefone, banataka kukamata nyimbo za zamani kabla siye wazee hatujaisha. Nikaimba ya kafi, nikaimba ya magunia, matusi na yote, bakacheka. Kisha bakaomba ya kuingia. Nikaimba mpaka "Banasema nini?" nikanyamaza.

"Muzee, na ya mwisho?" mumoja akauliza.

"Ya mwisho haiko ya matelo."

Neema alikuwa ku jiko, anasikia. Hakuimba. Alileta sahani, akaiweka mbele yangu, akarudi kazi yake. Nikaingiza mukono mu fufu. Ilikuwa moto.