Fundi Waliyemwita Chomoa

Jina la Chomoa alibandikwa na wakunga wa wodi ya wazazi, naye akaliitikia bila kinyongo. Mwanamke anayeshinda kutwa nzima akichomeka waya na kuuchomoa, macho kayakaza kwenye kompyuta kama anayemvizia mwizi, utamwita nani mwingine?

Kazi yake ni kuandika programu, na si hizi za kuchezea. Yeye huandika kile kisehemu kinachoiwezesha kompyuta kuelewana na kifaa kilichochomekwa, wenyewe wanakiita draiva. Draiva hukaa ndani kabisa, kwenye kiini cha mfumo, na huko hakuna mzaha. Programu za juu zikikosea hujifunga zenyewe na kazi ikaendelea. Kiini kikikosea, kompyuta nzima inazirai.

Na ilikuwa inazirai kweli. Wodi ilipata vipimo vya kusikiliza moyo wa mtoto aliye tumboni. Vipimo vichache, vitanda vingi. Kila kitanda kilikuwa na tundu lake ukutani, na nyaya zote ziliishia kwenye kompyuta moja mezani kwa mkunga mkuu. Mama akizidiwa kule, mkunga anachomoa kipimo hapa na kukimbia nacho. Mara nyingi haikuwa neno. Lakini mara nyingine akichomoa tu, skrini inajaa maandishi meupe, kila kitu kinaganda, na mioyo ya watoto wa vitanda vyote inapotea mbele yake mpaka kompyuta iwashwe upya.

Daktari mkuu akabandika karatasi ukutani: USICHOMOE KIPIMO KOMPYUTA IKIWA INAFANYA KAZI.

Mkunga mkuu, mama wa mwili na maneno, aliisoma taratibu. "Vizuri, daktari. Sasa niandikie na nyingine niwabandikie wenye uchungu: msizidiwe."

"Itoe tu hiyo karatasi," Chomoa akasema. "Waya kazi yake ni kuchomeka na kuchomoka. Anayechomoa hana kosa."

"Kosa la nani basi?"

"Langu. Draiva nimeiandika mimi."

Daktari hakuzoea kujibiwa hivyo na mafundi. Akakuna kidevu. "Ijumaa nitakuja kuchomoa mwenyewe. Ikizimika, mashine yako inatoka wodini."

Chomoa akabeba kipimo kimoja mpaka nyumbani kwa shangazi yake, mama aliyemlea tangu hajui kufunga viatu. Akakichomeka kwenye kompyuta yake. Tumbo lenye mtoto hakuwa nalo, akaazima mkono wa shangazi.

"Moyo wangu nao unaingia humo?" shangazi akauliza, kajikunja kitini.

"Unaingia, shangazi. Tulia."

"Uangalie usiharibu mashine ya watu. Moyo wangu mkali."

Anabonyeza kitufe, anasubiri, namba inatokea, anachomoa. Kompyuta inamtazama tu, nzima kabisa. Alirudia mpaka mkono wa shangazi ukafa ganzi. Yale maandishi meupe ya wodini aliyasoma mstari kwa mstari, lakini yalimwonyesha kompyuta ilipoangukia. Aliyeisukuma hayakumtaja.

Mwingine angesema wakunga wana mikono mizito, angekwenda zake. Chomoa hakusema. Alirudi wodini, akavuta kigoda pembeni, na safari hii skrini akaipa mgongo. Akatazama mikono.

Mkunga mkuu aliweka kipimo kwenye tumbo la mama mmoja, akabonyeza kitufe. Namba haijatokea, mama wa kitanda cha dirishani akapiga ukelele. Mkunga akachomoa papo hapo na kuondoka. Nyuma yake, maandishi meupe.

Mama wa dirishani alipokwisha kujifungua salama, Chomoa akamfuata mkunga kwenye sinki la kunawia.

"Dada, mbona hukusubiri namba?"

"Niisubiri? Kwani mgeni rasmi?"

Chomoa akaanza kucheka peke yake. Kwa shangazi, mtu hanyanyuki mwenzake akiwa anazungumza. Ukinyanyuka unarudishwa, unakalishwa, na maneno yanaanza upya toka mwanzo. Basi mkono wake ulikwisha zoea: haukuwahi hata siku moja kukichomoa kipimo kikiwa bado kinajibu. Malezi mema ndiyo yaliyomficha kosa.

Maana kompyuta ikikiuliza kipimo, inatuma mjumbe na kumtengea chumba cha kuwekea jibu. Draiva ya Chomoa, waya ukichomoka, ilikivunja chumba palepale. Mjumbe aliyekuwa njiani anarudi na jibu lake, anakanyaga pasipo na sakafu, anatumbukia, na kiini kizima kinatumbukia naye.

Akaandika mjumbe aitwe arudi kwanza, chumba kivunjwe baadaye. Akachomoa kwa pupa, na kompyuta ikazirai vilevile. Akaisoma draiva upya mstari kwa mstari, mpaka akaona kwamba wakati wa kumwita yule wa kwanza, saa ya ndani inayokiuliza kipimo kila mara ilikuwa inamtuma wa pili. Akafunga mlango wa kutuma wajumbe, akawangoja walio nje warudi wote, ndipo akavunja. Mistari yenyewe michache, unaweza kuifunika kwa kiganja. Kujua pa kuiweka ndiyo kazi.

Ijumaa daktari akaja, akaushika waya kwa vidole viwili.

"Hivyo unachuma ua," mkunga mkuu akamwambia. "Vuta kama mtu aliyeitwa."

Akavuta. Kwenye skrini, kitanda kile kikaandikwa hakina kipimo. Vingine vyote, mioyo ikaendelea kupiga. Akachomeka, akabonyeza, akavuta tena na tena mpaka akachoka mwenyewe. Alikuwa bado ameushika waya, mama mmoja akaita, na mkunga akamnyang'anya kipimo mkononi na kukimbia nacho. Skrini hakuigeukia. Karatasi daktari aliibandua mwenyewe.

Jioni shangazi akataka habari. "Wamekushukuru?"

"Hawakuitazama hata kompyuta."

"Hawana adabu."

"Ndicho nilichokuwa nakitaka, shangazi. Hebu nipe mkono."

Shangazi akautoa, akajiweka sawa. Chomoa akabonyeza kitufe, na namba haijatokea akauvuta waya.

"Wewe," shangazi akasema, "mbona umeniondokea sijamaliza?"