Dirisha la Chumba cha Mzazi

Siku niliyoulizwa kama mke wangu ni tumbaku naikumbuka vizuri, mwanangu Elia, na jana uliponitumia kwenye simu ramani ya nyumba yako ya Kawajense nimeikumbuka upya mpaka nikashindwa kula. Si kwa hasira! Kwa furaha. Unajenga, mkeo ana mimba ya miezi saba, na mimi naenda kuitwa babu. Nimemwonyesha mama yako ile ramani, nikamwonyesha na jirani ambaye hata hakuuliza. Sasa tulia nikusimulie, halafu ndiyo tugombane kuhusu hicho chumba cha kulala.

Unajua ufundi niliuanzia Inyonga, kwenye mabani ya tumbaku. Bani ni nyumba ya kukaushia majani kwa moto, na fundi wa bani husifiwa kwa jambo moja tu: joto lisitoke. Nikimaliza kujenga nilikuwa naingia ndani mchana kweupe, nafunga mlango, natafuta mwanga. Nikiona hata wa tundu la sindano, narudi na udongo naziba. Wakulima walinigombania. Kijana wa miaka ishirini na mitatu, kichwa kilivimba, we acha tu.

Nilipomwoa mama yako tukahamia Mpanda, nikajenga nyumba yetu kwa namna niliyoijua. Sebule ikapata kidirisha cha kiganja. Chumbani nikaacha matundu mawili juu kabisa, karibu na bati. Watu wakauliza, mbona giza? Nikawajibu kwa maringo: mwizi hapiti, vumbi halipiti, mbu hapiti. Mama yako alisema mara moja tu, "Humu ndani sioni hata nikichagua mchele." Nikamnunulia kibatari. Ndiyo akili niliyokuwa nayo.

Akazaliwa dada yako Skola. Kwetu mtoto hatolewi nje mpaka kitovu kidondoke, kwa hiyo mama na mtoto wakakaa mle chumbani, kibatari kinawaka mchana kutwa. Shangazi yako akaja kumsaidia mzazi, akapika uji, akafua nguo. Skola akawa analala tu. Siku ya tatu halii, na kunyonya ananyonya kwa kusitasita. Sisi tukamsifu: jamani, mtoto mpole huyu! Mungu atusamehe.

Siku ya nne bibi yako, mzaa mama, akafika na basi la Inyonga, kuku mkono mmoja, dumu la asali mkono mwingine. Alikuwa mfupi, sauti yake inasikika nyumba ya tatu. Mila ikamsimamisha sebuleni, maana mama mkwe haingii chumba anacholala mkwewe, hata nyumba ikiungua. Akasema aletewe mjukuu. Akaletewa. Akamsogeza huku, akamsogeza kule, haoni kitu. Basi akaenda kusimama kizingitini, miguu ndani ili mtoto asihesabiwe ametoka, akamwinua mpaka mwanga wa nje ukampata usoni. Akamfunua jicho kwa kidole.

"Mama yangu! Mtoto ana macho ya njano! Nyie mmekaa naye siku zote hizi hamjaona?"

Hatukuona. Kwenye kibatari kila mtu ni wa njano, mwanangu.

Nikampakia mama yako kwenye baiskeli, Skola kifuani kwake, nikakanyaga mpaka hospitali. Daktari akamlaza mtoto chini ya taa maalumu, akaniambia tungechelewa zaidi manjano yale yangepanda kwenye ubongo. Nikakaa kwenye benchi nikalia bila aibu. Mtoto niliyemnyima mwanga kwa mikono yangu, dawa yake ilikuwa mwanga!

Bibi yako akaja kukaa mwisho wa benchi, amenipa mgongo, maana mkwe hamtazami mkwewe usoni.

"Mkwe," akasema, "mwanangu ni tumbaku?"

Nikajifuta machozi kwa mkono wa shati.

"Nakuuliza wewe. Maana naona umemweka kwenye bani."

Benchi zima likageuka kunitazama. Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini yule mama hakunionea hata kidogo.

Kesho yake nikachukua nyundo na tindo, nikautoboa ukuta wa chumbani upande wa mashariki. Vumbi, matofali, majirani wananicheka, mimi nagonga tu! Kwa haraka yangu dirisha likakaa chini kuliko kawaida, usawa wa kifua cha mtu aliyesimama nje. Nikajua nimekosea tena. Skola aliporuhusiwa, macho meupe kabisa, fremu ya mninga ilikuwa imekaa ila kioo bado.

Asubuhi iliyofuata bibi yako akazunguka nyumba kwa nje, akasimama pale dirishani. Mama yako akamwinua mtoto. Bibi akamwona mjukuu wake wote, vidole, nywele, kila kitu, na chumbani kwa mkwe hajakanyaga. Akapiga vigelegele mtaa mzima ukatoka! "Ana masikio ya baba yake, maskini," akasema. Mimi nilikuwa ndani nimejificha nyuma ya mlango, nacheka na machozi yananitoka.

Sasa ramani yako. Taa za rangi kwenye dari weka, nitakuja kuzishangaa. Lakini chumba chenu umekipa kidirisha kimoja, cha kioo cheusi, nyuma ya tangi la maji. Elia! Hilo ni bani lenye vigae. Hamisha tangi. Dirisha lielekee mashariki, liwe pana, kioo cheupe, na usawa wake uwe kifua cha mama mkwe wako, si chako wewe mrefu. Nyumba inayojificha mwizi asiione inaweza kumficha na mgonjwa msimwone. Jenga ili watu wako waonekane. Jumamosi nakuja na kamba ya kupimia, na kama ukuta umeshapanda nitautoboa mwenyewe, kazi hiyo naijua.

Mungu awape mkono mwepesi mafundi wako. Amfungue salama mkeo. Na mama yake akishuka kwenye basi kutoka Kasekese, azunguke kwa nje, asimame dirishani, amwone mjukuu wetu hata mzigo hajatua.