Bibi Nyuma ya Kaunta

Sakafu ya baa haisahau upesi. Ukiimwagia maji, harufu ya bia ya miaka na miaka inapanda, chachu, inakukaa puani, na hiyo ndiyo harufu ya shule yangu ya kwanza. Baa yenyewe ilikuwa mtaani kwetu Ilala. Mwenyewe alirudi kwao Songea kulima, milango ikafungwa, na wanywaji wakabaki kupita wakilitazama kufuli kwa huzuni. Kisha balozi wetu wa nyumba kumi akatangaza kwamba jengo litakuwa shule ya vidudu. Watoto wote wa mtaa wakaandikishwa, isipokuwa mimi.

Aliyegoma ni Bibi, mama yake baba. Alikuwa mtu wa swala tano, na miaka yote alivuka barabara asipite mbele ya baa ile. Akasema mjukuu wake hasomeshwi mahali palipomwagwa pombe, na baba, mwanamume na ndevu zake, akanywea. Nililia jamani! Rafiki yangu Tatu alikuwa ameshaanza, anarudi akiimba nyimbo nisizozijua, ananiringia hasa. Nikasusa kula. Niliposusa hata samaki wa kukaanga kutoka Feri, nyumbani wakajua si mchezo.

Mwalimu Anjela, dada wa Kingoni mwenye sauti ya upole, akaja kwetu. Hakubishana. Alimwamkia Bibi kwa kupiga goti, akamwomba aje mwenyewe apasafishe anavyojua yeye. Bibi akayatazama macho yangu yaliyovimba, kisha akaagiza chetezo.

Alifukiza, wacha! Udi na ubani kila kona, chini ya meza, nyuma ya kaunta, huku akisoma dua. Moshi ukatokea dirisha la nyuma, palipokuwa na jiko la mishikaki enzi zile, ukapanda juu ya mabati. Wanywaji wa zamani wakauona, wakaja mbio wakijua baa imefunguliwa. Wakamkuta Bibi kaunta, ushungi kichwani, chetezo mkononi. Wakamwamkia kwa pamoja, macho chini.

"Marahaba, wanangu," Bibi akasema. "Hapa sasa ni shule. Anayetaka kunywa, kesho alete kuni, nitapika uji."

Wakaleta, kwa haya tu. Tangu hapo Bibi ndiye aliyekaa nyuma ya kaunta kila asubuhi, akitugawia uji kwenye vikombe vya bati, na asiyepokea kwa mikono miwili hapati. Mimi nilikuwa wa kwanza kwenye foleni, Tatu nyuma yangu, na kuringa nikaringa na mimi.

Juzi nilipita pale. Ni baa tena, ina taa za rangi na muziki wa kutikisa kifua, na viti vizuri kuliko tulivyowahi kukalia. Nikaingia, nikakaa kaunta, nikamkumbuka Bibi. Nikaagiza soda. Msichana alipoileta, nilikuwa nimeshanyoosha mikono yote miwili.