Mwendo wa Dubwana

Ukifika dukani kwa Mama Pasi utamwona kuanzia kifuani kwenda juu. Kaunta ndiyo inayokukata macho. Ni ya mbao nene, imetoka ukuta huu hadi ule, na juu yake kuna marundo ya mashati yaliyokunjwa kama yamepimwa kwa rula. Nyuma ya marundo yuko mwenyewe, dobi wa mtaa mzima, mashavu manono, ulimi mkali, mkono usiopumzika. Wateja walidhani kaunta ile ni ya kuwekea nguo, na mwenyewe hakuwasahihisha. Aliiweka ili imfiche nyonga.

Alipokuwa msichana aligongwa na gari la maziwa, mfupa wa nyonga ukaunga upande, na tangu hapo akawa anachechemea. Wapo wengi wanaochechemea na maisha yao yanakwenda. Mama Pasi yeye aliapa kwamba hakuna atakayemwona, akalifanya jambo hilo kazi ya kudumu kuliko hata ya pasi. Kwenye harusi alifika viti havijapangwa, akaketi, na hakuinuka mpaka viti vinakusanywa. Watu wakamsifu kwa kuwahi. Misibani vivyo hivyo, wakamsifu kwa utu. Mgeni akiaga, Mama Pasi alimsindikiza kwa maneno tu, mlangoni hafiki. Hapo walisema ana maringo kidogo, ila ni mtu mzuri. Sifa zote hizo alizipata kwa kukaa kitako.

Alikuwa na mtoto mmoja, wa kike. Baba wa mtoto alikwenda kutafuta kazi, akawa analeta salamu, halafu hata salamu nazo zikachoka njiani. Kila asubuhi mama na binti walitoka pamoja kwenda shule, na kila asubuhi mama alimwambia mtoto atangulie. Wahenga walisema mwana hutazama kisogo cha nina. Kwa hawa wawili mambo yalikuwa kinyume, nina ndiye aliyetazama kisogo cha mwana, mtoto mbele na mkoba wake, mama nyuma na siri yake. Mtoto hakuuliza kwa nini, na mama akaamini amefaulu. Lakini binti alipokuwa mkubwa na bado anatangulia bila kuambiwa, Mama Pasi akaanza kuamini jambo jingine, nalo likamuuma zaidi ya nyonga: kwamba mtoto wake anamwonea aibu. Hilo hakumwambia mtu. Alilipiga pasi pamoja na mashati.

Binti akasoma, akahamia mji mwingine, akaungana na wenzake kutengeneza mchezo wa kompyuta, ule wa kuwinda madubwana. Kazi yake yeye ilikuwa kuwafanya viumbe wa mle ndani watembee. Wateja wakimuuliza Mama Pasi binti anafanya kazi gani, alijibu kwamba anafundisha wanyama kutembea, nao wakaondoka wakidhani ameajiriwa kwenye hifadhi.

Jumapili moja, duka limefungwa, binti akaingia bila kupiga simu. Akaweka kompyuta juu ya meza ya kupigia pasi kwenye chumba cha nyuma, akasema mchezo umeshaingia sokoni na anataka mama aucheze. Alikuwa anazungusha pete kidoleni, kama alivyofanya zamani matokeo ya mtihani yakikaribia. Mama Pasi akajua kuna jambo. Akanyamaza, maana jambo likiiva hujitoa lenyewe, akavuta kiti na kupokea kidude cha kuchezea chenye vitufe kila upande.

Mambo aliyoyaona mwanzoni yalimshangaza. Miti mingine ilielea hewani bila shina kugusa ardhi. Muuza mikuki hakuwa na uso. Mama Pasi alimsalimia hivyo hivyo, kwa adabu, na hakujibiwa. Binti akaeleza kwamba mchezo haujaisha. Siku hizi huuzwa ungali mbichi, wachezaji wanaucheza, wanasema panapovuja, na wao watengenezaji wanaziba. Mama Pasi akatikisa kichwa. Tangu aanze udobi hajawahi kumpa mteja shati bichi akamwomba aseme wapi halijakauka.

Kwa muda mrefu hakuwinda chochote. Alichuma majani, akanoa mkuki ambao tayari ulikuwa mkali, akaanguka mtoni, akatoka, akaanguka tena, na kila akianguka alimsifu aliyechora maji. Mkono wa mwindaji aliyekuwa akimwendesha ulikuwa unapenya ndani ya mwamba kama unaingia kwenye uji, akasema huyo angemfaa siku pete ikiangukia nyuma ya kabati. Dubwana lilipotokea, kubwa kama nyumba, magamba mgongoni na pembe moja imepinda, alifumba macho akabonyeza vitufe vyote kwa mpigo. Akafa. Akafufuliwa, akafa tena. Baadaye woga ukamwisha, hasira ikaingia, maana mtu aliyeshindana na madoa ya wino ujana wake wote hawezi kushindwa na mjusi. Akasubiri, akakwepa mkia, akalichoma mkuki pajani.

Dubwana likaanguka, likajikongoja, likainuka. Likampa mgongo na kuondoka zake kuelekea pangoni.

Halikukimbia. Nyonga ya kushoto ilitoka kwanza upande, ndipo mguu ukafuata, ukiburuzwa kidogo, ukikanyagia ukingo wa nje. Baada ya hatua chache lilisimama na kugeuza shingo, likawa linatazama kitu kando ya njia. Pale kando ya njia palikuwa na jiwe tu. Dubwana lilikuwa linapumzika na halikutaka ijulikane.

Mama Pasi akaweka kidude mezani. Habari ya kusimama kule hakuna mtu duniani aliyepaswa kuijua. Mbele ya duka la vyombo, mbele ya ukuta wenye matangazo, alikuwa akisimama na kujifanya anasoma mpaka maumivu yapungue. Kuna tangazo la dawa ya panya alilolisoma miaka hadi likachanika.

"Ni mimi huyo," alisema.

"Ni wewe, mama."

Hakugomba. Ingekuwa afadhali agombe. Alisogeza kompyuta pembeni, akawasha pasi, akatandaza shati la mteja na kuanza kulinyoosha mikono. Binti alimjua mama yake, akakunja mashati yaliyokwisha kunyooshwa. Kwenye kioo cha kompyuta dubwana liliendelea na safari yake peke yake. Mama Pasi alikuwa ameumia. Aliona siri aliyoitunza tangu usichana imetolewa sokoni watu waichome mikuki, na aliyeitoa ni mtoto wa tumbo lake.

Bila kuinua macho akauliza wakilikamata hulifanya nini. Binti akajibu kwa sauti ndogo kwamba katika michezo ya aina hiyo, dubwana likijeruhiwa hurudi pangoni kulala, na mwindaji hulifuata akalimalizia usingizini. Mama akauliza, na wewe je? Binti akasema yeye mpaka leo hajalifuata.

Pasi ikaenda, ikarudi.

"Uliniona lini?" Mama Pasi akauliza. "Siku zote wewe ulikuwa mbele."

"Jua lilikuwa nyuma yetu, mama. Asubuhi kivuli chako kilikuwa kinanipita, kinatembea mbele yangu. Nilikuwa nakitazama mpaka shuleni. Kikisimama, na mimi nasimama nafunga kamba za viatu."

Mama Pasi alizikumbuka kamba zile. Kila mara zilikuwa zinafunguka. Alimgombeza mtoto kwa sababu yazo, akamfundisha kufunga fundo mara mbili, mwisho akamnunulia viatu visivyo na kamba. Ndipo mtoto akaanza kuangusha penseli. Kila siku penseli, barabarani, na kila siku anaitafuta polepole kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote. Mama Pasi akainua pasi kutoka kwenye shati ili asiliunguze, akabaki ameishika hivyo hivyo hewani.

"Nilidhani unanionea aibu."

"Ningekuonea aibu ningetembea haraka," binti akasema.

Mama Pasi akaiweka pasi kwenye kibao chake. Akakaa. Machozi yalimtoka na hakuyafuta, akayaacha yashuke mpaka kidevuni, na binti akaja akapiga magoti pale penye kiti, akalaza kichwa mapajani kwa mama yake kama alipokuwa mdogo. Yule mama alikuwa na furaha, tena ya kuuma, furaha ya mtu anayegundua kwamba mzigo aliodhani anaubeba peke yake ulikuwa na mkono mwingine chini yake.

Hapo ndipo jambo lenyewe likaiva. Binti akasema hakuja kwa mchezo tu. Alipokuwa anatafuta mwendo wa kiumbe kilichoumia na hakitaki huruma ya mtu, mkono ulimwendea wenyewe, na alipokuja kushtuka mchezo umeshauzwa. Tangu siku ile hapati usingizi. Wachezaji wengi wameupenda. Mmoja ameandika kwamba alilifuata dubwana hadi pangoni, akashindwa kuliua, akaketi mlangoni na mkuki wake. Lakini kuna lalamiko linalorudi kila siku kutoka kwa watu mbalimbali: dubwana likijeruhiwa mwendo wake una hitilafu, mguu wa kushoto haukai sawasawa, tafadhali rekebisheni. Wanadhani ni kama ile miti inayoelea. Toleo jipya linatoka kesho na wenzake wamemwachia yeye uamuzi. Mama akisema auondoe mwendo ule, atauondoa sasa hivi, hapo hapo mezani, na dubwana litatembea kama madubwana mengine.

"Hakuna atakayejua," akamalizia.

Mama Pasi alikuwa amelisubiri neno hilo maisha yake yote, na hakutegemea kwamba siku likija halitakuwa tamu. Akaomba asomewe tena lalamiko. Akasomewa. Akafikiri.

"Wana haki," alisema. "Mwendo una hitilafu."

Binti akainamisha kichwa, akavuta kompyuta.

"Ngoja, sijamaliza. Wewe umechora kivuli, mwanangu, na kivuli hakina uzito. Mguu mbovu wala sio wenye kazi. Unaobeba ni huu mzima, na huu wako umeuacha unatembea kama uko matembezini. Ndiyo maana wanaona mwendo umekosewa. Chukua simu yako twende nje unirekodi, hapa ndani ni pafupi, mguu hauchoki."

Binti akamkumbusha kwamba nje kuna watu. Mama Pasi akasema anajua kuna watu, mtaa ni wa watu.

Akafungua kile kipande cha kaunta kinachoinuka, akapita, akafungua mlango wa duka. Ilikuwa alasiri, na fundi redio wa duka la jirani alikuwa ameketi kwenye kiti nje ya mlango wake akipunga upepo. Walikuwa majirani tangu nywele zao zikiwa nyeusi, wameazimiana chumvi na nyundo, na Mama Pasi hajawahi kukubali kutembea mbele ya macho yake. Akamtazama, akatazama chini, akainua macho haraka na kumsalimia. Mama Pasi akaitikia salamu, akauliza hali ya mkewe, kisha akamwomba asogeze kiti chake maana anataka kupita.

Akaanza kutembea. Nyonga ikatoka, mguu ukafuata. Watoto waliokuwa wanacheza mpira wakasimama kumpisha. Ukuta ulikuwa karibu na angeweza kuushika, hakuushika. Alikuwa anasema kwa sauti huku anakwenda, kama mwalimu ubaoni: hapa uzito umeingia kulia, goti linakaza, ona bega linavyoshuka, sasa nimechoka, sasa tazama. Alipofika kwenye kona shingo ilikuwa imelowa jasho. Aligeuka akamkuta binti yake amesimama palepale mlangoni, simu mkononi, anafuta macho kwa mkono wa pili.

"Usilie, picha itacheza," alimwambia kwa mbali. "Umeuona mguu wa kulia?"

"Nimeuona, mama."

"Haya. Sasa nakuja. Kurudi ndiko kugumu, kwa hiyo usinikimbilie, we nitazame tu."

Akafuta mikono kwenye gauni, akaanza kurudi katikati ya barabara.