Nilimchorea uso baba wa watu: picha niliyoinunua soko la Gare du Midi

Wakuu, salaam. Haya yamenikuta mwenyewe, na pale nilipofanya ujinga sijapunguza kitu. Mtanicheka, ila nisubirini nimalize kwanza.

Mimi ni mchoraji, mzaliwa wa Tanga, naishi Brussels mwaka wa sita sasa. Ugonjwa wangu ni vitu vya kale. Kila Jumapili nipo soko la Gare du Midi naokoteza funguo zisizo na kufuli, postikadi za watu nisiowajua, saa mbovu. Mke wangu ameshaapa siku moja atanitoa nje pamoja na hizo takataka.

Jumapili moja nikakuta picha imelazwa chini, kati ya masufuria na taa. Imechorwa kwa rangi ya mafuta kwenye kitambaa cha gunia la unga, nyuma bado unaziona herufi za jina la kinu kilichosaga. Nyumba ya bati, mama mwenye kitenge, watoto watatu, mdogo ameshika kuku. Pembeni baba, amevaa sare ya reli.

Baba hana uso.

Yaani kofia ipo, masikio yapo, katikati ni kahawia tupu, tena panang'aa kuliko sehemu nyingine zote. Muuzaji hakujua lolote. Kazi yake ni kubeba vitu kwenye nyumba za watu waliofariki.

Wiki nzima niliitazama ile picha. Huyu fundi vifungo vya sare kavichora hadi cha mwisho, uso kauachaje? Nikajijibu mwenyewe kwamba aliishiwa muda. Wachoraji tunajuana bwana.

Basi kiherehere kikanipanda. Nikashika brashi, nikamalizia: macho, pua, masharubu, na tabasamu kidogo. Kwa uvivu nilitumia rangi za maji zilizokuwa mezani, sikufungua za mafuta. Uvivu huo ndio ulioniokoa.

Nikaipiga picha, nikaituma kwenye group letu la Waswahili wa hapa, kujisifu tu. Haikupita saa moja, mama mmoja Mkongo akaandika: "Iyi picha uliitosha wapi? Usiuzishe. Niko nakuya." Yaani niliitoa wapi, nisiiuze, anakuja.

Anaitwa Maman Béa, mzaliwa wa Likasi kule Kongo, anakaa Evere, hapa hapa Brussels. Kaka yake mkubwa alifariki hapa Brussels, yeye akaenda kumzika kwao. Aliporudi, flat ya marehemu imeshasafishwa na vitu vyote vimebebwa. Miezi minne alikuwa anazunguka masokoni akiitafuta picha hiyo. Yule mtoto mwenye kuku ndiye yeye.

Alipofika hakuketi. Aliisogelea picha, akanyoosha mkono, halafu mkono ukabaki hewani.

"Na uyu ni nani?"

Nikaanza maelezo yangu ya kumalizia kazi. Aliniacha mpaka nikaishiwa maneno, kisha akanisimulia. Baba yao aliondoka na treni ya kazi, hakurudi, na hakuna aliyejua kama alikufa au yu hai. Hakuacha hata picha moja ya kamera. Mama yao alipoagiza mchoro, fundi alitaka kubuni uso.

"Maman alikatala. Alimuambia: wacha vile, kila mutoto ataona papa yake mwenyewe. Donc kila asubui, tukiwa tunaenda ku masomo, kila muntu alikuwa anamugusa pa uso."

Kumbe ndiyo maana palikuwa panang'aa. Ilikuwa mikono ya watoto, miaka na miaka.

Wakuu, niliona aibu. Nikaleta pamba, nikamweleza kuwa njia salama ni mate, yanalainisha rangi ya maji polepole bila kuidhuru ya mafuta. Mafundi wa kutengeneza picha za zamani hufanya hivyo, siyo uchawi.

"Mate yako, pa uso wa papa yangu?"

Akaninyang'anya pamba, akatumia mate yake mwenyewe.

Mchana wote mimi naelekeza, yeye anafuta. Likatoka tabasamu, ikafuata pua. Kwenye masharubu akasimama. "Nilikuuliza, haukunijibu. Uyu ni nani?"

Hapo ndipo nilipoutazama vizuri kwa mara ya kwanza uso niliouchora. Masharubu yale, na jicho la kushoto lililolegea kidogo. Alikuwa mzee wangu. Alifariki mimi nikiwa huku sina karatasi za kusafiria, mazishi nikayafuata kwenye simu. Sikuwahi kumchora hata siku moja.

"Ni baba yangu," nikasema.

Maman Béa akayatazama tena yale masharubu. "Bon. Basi na weye uliona papa yako mwenyewe, vile shiye tulikuwa tunafanya."

Akafuta masharubu, ila macho akayaacha. Akanipa pamba. "Apa futa weye. Umuage papa yako."

Nikafuta, kwa mate yangu, naye hakukataa. Chini yake kahawia ilikuwa salama, inang'aa vilevile. Akaweka kiganja pale, akafumba macho.

Nilichojifunza: ukikuta kazi ya mtu ina pengo, uliza kwanza. Huenda pengo lenyewe ndilo lililoagizwa.

Picha iko Evere kwa mwenyewe. Mzee wangu namchora sasa, kwenye kitambaa chake.

Je, ukutani kwenu kuna kitu gani ambacho mgeni hawezi kukielewa mpaka asimuliwe? Shusheni hapa wakuu, nipo nasoma. Sigusi kitu.