Honi ya Kapiteni Bisimwa

Jamani, hii habari mtacheka, najua, maana Bukavu nzima ilishacheka, na mpaka leo nikipanda soko la Kadutu kununua sambaza, wale dagaa wetu wa ziwani, kuna mama mmoja ananiuliza kama nimefika salama au nimezama tena. Chekeni tu. Mimi mwenyewe naona aibu, na aibu yenyewe wala siyo ile anayoijua huyo mama.

Sisi wazee tuliofanya kazi kwenye meli za ziwa tuna majivuno yetu (mtu wa pwani akituambia ziwa si bahari, siku hiyo hatuelewani kabisa), na jivuno kubwa kuliko yote ni honi. Zamani kila kapiteni akitoka Goma alikuwa na mpigo wake wa honi wa kuingilia Bukavu, na wake zetu kule mtaani Nguba waliijua mipigo yote. Marehemu Kapiteni Bisimwa, aliyenifundisha usukani, alipiga mbili fupi halafu moja ndefu iliyofifia polepole, na mkewe, Maman Nsimire, akiisikia tu anateleka maji ya bugali.

Basi mwaka huu, kwenye sikukuu yetu ya wastaafu, tajiri mmoja akatuazima meli yake tuzunguke kidogo mbele ya mji, halafu turudi gatini watu wapate kula na kunywa. Maman Nsimire aliomba kitu kimoja tu. Mchana wa siku hiyo alikuwa anahamia Kamanyola kwa binti yake, kule kwenye mashamba ya mpunga ambako ziwa hulioni hata ukipanda juu ya nyumba, na alitaka asikie honi ya mumewe kwa mara ya mwisho. Kazi hiyo nikapewa mimi, kwa sababu nimebaki peke yangu ninayeujua ule mpigo sawasawa. Siku waliponiambia nililia, siwafichi.

Sasa tunarudi, gati limejaa watu, kwaya imevaa vitenge vya sare, Maman amesimama mbele kabisa na leso yake mkononi, na sijui shetani gani akanipitia, nikajiambia, watu wote hawa, ngoja kwanza nipige ya kwangu, ile inayoanza na ndefu, kidogo tu, mji ukumbuke kwamba na mimi nilikuwa mtu, halafu ndiyo nipige ya Bisimwa. Patient, kapiteni wa ile meli, akaniona nimeishika kamba ya honi kwa mikono miwili.

"Papa, vuta polepole, ile kamba inakwamaka."

"Patient, miye nilivuta sirene mbele weye uzaliwe!"

Nikavuta kwa nguvu zangu zote. Kamba ikakwama.

Honi ikalia, ikalia, haikatiki, na ziwani honi isiyokatika ina maana moja tu, tunazama. Wazee wenzangu, ambao asubuhi walikataa jaketi za kuokolea eti hizo ni za watalii, wakaanza kunyang'anyana, mmoja akavaa mbili. Padri aliyekuwa nasi akatuondolea dhambi wote kwa pamoja. Wavuvi wakaja mbio na mitumbwi, na mpiga ngoma wa kwaya akaruka majini kutoka gatini aje kutuokoa (na ngoma yake shingoni!), ikabidi wavuvi wamuokoe yeye. Mimi nimening'inia kwenye kamba, navuta, nasukuma, natukana kwa Mashi, lugha yetu ya nyumbani, mbele ya padri.

Patient akakimbia chini akafunga hewa inayoliza honi. Kimya. Nikamwomba afungue tena, nikavuta mbili fupi na moja ndefu, ikatoka fyuu, pumzi tupu, hewa yote ilikuwa imekwisha na isingejaa tena mpaka jioni.

Niliposhuka watu walishaanza kucheka. Maman Nsimire alikuwa amekaa chini, kiatu kimoja kimemtoka, wanawake wanampepea, maana mke wa kapiteni hahitaji kuelezwa ile sauti ni ya nini. Nikapiga magoti.

"Maman, unisamehe. Sirene ilikwama."

Akaniangalia bila hasira. Afadhali angekuwa na hasira.

"Bahati, kukwama haiko kosa yako. Lakini ya Bisimwa inaanzaka na fupi. Weye ulianza na ndefu." Akatafuta kiatu chake kwa mguu. "Nilikuya kusikia bwana yangu, nikasikia weye."

Gari la Kamanyola lilikuwa linangoja pale juu barabarani, binti yake akamshika mkono, wakaondoka, na mimi nimebaki nimepiga magoti kwenye saruji mbele ya watu wote, nikitamani ile meli ingezama kweli.

Tangu siku hiyo sigusi honi, hata ya pikipiki. Nimemwita Patient nyumbani, namfundisha mpigo wa Bisimwa, mbili fupi, moja ndefu, mpaka aujue vizuri. Juzi aliniuliza na wa kwangu ulikuwaje. Nikamwambia nimeusahau.