Dakika Moja ya Chumba

Nyuma ya mgongo wake wanafunzi walimwita Dakika Moja, na yeye alijua. Miaka kumi na minne alikuwa akifundisha chuoni kutengeneza vipindi vya televisheni vya mambo ya kweli, na katika miaka yote hiyo hakuna mwanafunzi aliyefungasha kamera mbele yake kabla ya kurekodi dakika moja ya chumba. Mahojiano yakiisha, kila mtu alibaki alipo, mdomo umefungwa, huku mashine ikiendelea kunasa ule ukimya. Aliyekohoa aliirudisha dakika mwanzo. Siku moja kijana mmoja alipiga chafya mara tatu, wakakaa kama sanamu kwa karibu dakika nne. Tangu siku hiyo wakawa wanaulizana mlangoni nani ana mafua, abaki nje.

"Hakuna chumba kilicho kimya," aliwaambia. "Kina friji, kina dirisha, kina majirani. Ukikata maneno ya mtu, pale ulipokata panabaki shimo, na shimo hilo unaliziba kwa sauti ya chumba kile kile. Ukiokoteza sauti ya mahali pengine, mwenye masikio atakukamata."

Alifundishwa hivyo na marehemu mumewe. Picha ya marehemu ilitundikwa juu ya mlango wa chumba cha uhariri, kavaa suti ya kijivu, mkononi ana tuzo aliyopewa kwa kipindi cha ghala lililoungua. Wapagazi watatu walifia ndani ya ghala lile kwa sababu mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa kwa nje. Watu wazima wote waliikumbuka sehemu moja ya kipindi. Sauti ya marehemu, kutoka nyuma ya kamera, inauliza, "Ni wewe uliyefunga mlango wa nyuma?" na mlinzi wa ghala, mtu mwembamba mwenye kofia magotini, hasemi kitu. Anaitikia kwa kichwa tu. Mlinzi alifukuzwa kazi, wala hakupata tena geti la kulinda. Mume wa Mwalimu alipata tuzo, na jina ambalo mjane wake na watoto wake walikuwa wakilivaa mpaka leo. Mwalimu alilitunza jina hilo kwa bidii. Hakupiga soga na majirani, hakukaribisha umbea, na mtu alipomtaja marehemu alisubiri kwanza asikie anatajwa vipi.

Muhula mmoja kituo cha televisheni kiligawia chuo makasha ya kanda za zamani, zile ghafi, kama zilivyotoka kwenye kamera kabla ya kukatwa. Mwalimu aliwapa wanafunzi zoezi la kuchukua kipindi cha zamani na kukihariri upya kutoka kwenye kanda zake. Binti mmoja waliyemwita Masikio, mpole, asiyeongea mpaka aulizwe, alichagua ghala. Mwalimu alifurahi, hata akamsifu mbele ya wenzake.

Baada ya wiki moja Masikio alimfuata ofisini, akafunga mlango, akasimama.

"Mwalimu, pale mlinzi anapoitikia, kuna feni."

"Feni gani?"

"Inavuma chini kabisa. Kabla yake haipo, baada yake haipo. Sekunde mbili tu."

Wakaenda chumba cha uhariri, wakapita chini ya picha. Mwalimu akavaa hedifoni, Masikio akamwekea kanda ghafi tangu mwanzo. Feni ilikuwa ikivuma. Mlinzi alikuwa ndiyo kwanza anafungwa maiki kifuani. Sauti ya mume wake, changa na changamfu, ikauliza kutoka nyuma ya kamera, "Unanisikia vizuri?" Mlinzi akaitikia kwa kichwa, kuitikia kule kule kulikoonekana kwenye kipindi. Kisha mume wake akaomba feni izimwe, na mahojiano yakaanza. Alipoulizwa habari za mlango, mlinzi alijibu papo hapo, bila kumeza mate: "Mimi ufunguo wa nyuma sina. Anao tajiri mwenyewe."

Mwalimu alivua hedifoni polepole. Uso aliukaza. Alisema kanda hiyo imechakaa, haifai kwa zoezi, na Masikio atafute nyingine. Akaitoa mashineni, akaitia kwenye mkoba wake. Masikio hakubisha. Alichukua daftari lake, akatoka.

Nyumbani alimpigia simu mwanawe mkubwa, ambaye ni wakili. Mwanawe alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza nani mwingine anajua. Alimkumbusha kwamba baba hayupo kujitetea, kwamba mlinzi mwenyewe alishakufa, na kwamba jina hilo ndilo yeye mwenyewe alilofungulia ofisi. Akamshauri aichome kanda. Aliongea kwa upole, na Mwalimu aliutambua upole huo. Ulikuwa wa baba yake mtupu.

Siku mbili aliiacha kanda kabatini, chini ya mashuka. Kilichomnyima raha kilikuwa hesabu ya miaka. Mume wake alianza kudai dakika moja ya chumba mwaka ule ule wa ghala, baada ya kipindi kwenda hewani. Kabla ya hapo hakuwahi kuitaja. Mwalimu alidhani siku zote kwamba ilikuwa heshima kwa kazi. Sasa alielewa. Mume wake aliisikia feni ile wakati tayari kipindi kimeshatoka, akaapa kwamba kiraka chake kingine hakitasikika tena. Na yeye alikuwa amewafundisha watoto wa watu somo hilo miaka kumi na minne, kidole juu, akiliita uaminifu.

Siku ya tatu Masikio alirudi na kanda nyingine, ya kipindi cha mashamba. Akauliza, kwa adabu zote, "Mwalimu, niambie tu nikate nini na nibakize nini. Nitafanya utakavyosema."

Hakukuwa na kejeli ndani yake. Hilo ndilo lililomchoma Mwalimu. Binti mwenye masikio kuliko wote aliowahi kufundisha alikuwa amejifunza, kwa siku tatu, kutosikia.

"Chukua kamera," akamwambia. "Tunakwenda kwa mke wa mlinzi."

Mke wa mlinzi alikuwa fundi cherehani. Aliwapokea katika chumba kimoja chenye pazia katikati, vipande vya vitambaa sakafuni, saa ya ukutani iliyochelewa. Mwalimu alijitambulisha kwa jina la mumewe, jina lote kamili, akaona mkono wa yule mama ukiganda juu ya gurudumu la cherehani. Hakusema maneno aliyoyaandaa. Aliweka kompyuta, ambamo alikuwa ameinakili kanda ile, juu ya meza ya kushonea, akamwonyesha.

Mama yule alitazama mara moja. Akaomba arudishiwe. Mara ya pili hakutazama, alisikiliza tu, macho yameangalia cherehani.

"Aliniambia," alisema. "Mpaka anakata roho aliniambia, mke wangu, mimi sikuitikia. Nikamwambia, nimekuona kwa macho yangu, na watoto wamekuona." Akalisogeza pazia kwa kidole. Nyuma yake palikuwa na kitanda chembamba kisicho na godoro. "Nilimhamishia huku. Nilisema silali na mtu aliyeua watu kisha akanidanganya. Miaka kumi na moja. Amefia hapo."

Mwalimu alisema, "Nisamehe, dada yangu."

"Wewe umeniletea nini? Ukweli nilikuwa nao humu ndani. Ulikuwa unakohoa nyuma ya pazia."

Saa ikagonga wakati usio wake. Kisha mama akauliza kama wataionyesha. Mwalimu akajibu ndiyo, siku ya maonyesho ya chuo, mbele ya watu, na jina la mume wake yeye mwenyewe litatajwa. Alipolitoa neno hilo alijua mwanawe hatalipokea, na pengine hatamwita mama kwa muda mrefu.

"Basi na mimi nitieni," alisema fundi. "Msije mkasema ni televisheni peke yake. Semeni na mkewe hakumwamini."

Masikio akasimamisha kamera. Mama alizungumza kwa dakika ishirini, hakulia, wala hakusita. Yeye hakutunza jina la mtu, hata lake. Mwalimu, aliyekaa kwenye kigoda karibu na kile kitanda, hakuwahi kujiona mdogo kiasi hicho mbele ya mtu.

Yalipokwisha, Masikio hakugusa mashine. Aliinua kidole kimoja, kama alivyofundishwa, na wote watatu wakanyamaza. Saa ilitembea. Mahali fulani nje mtu alikuwa akiburuta ndoo. Upepo uliingia dirishani, ukalisukuma pazia likagusa goti la Mwalimu, na hapo koo likamsaliti. Akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili, lakini sauti ilikuwa imeshatoka.

Masikio hakugeuka kumtazama.

"Tunaanza upya, Mwalimu," alisema.